Rangi mpya, ukuta unapukutika: tuongee ukweli kuhusu kasoro zinazofukiwa kwenye finishingi

Rula_Mita (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni.

Kila masika ikianza humu zinafunguliwa nyuzi zilezile, ukuta wangu unatoa unga nipige rangi gani, fangasi chumbani dawa yake nini, na majibu ni yaleyale, piga oili, piga wotapruufu, hamia kampuni fulani rangi yao kiboko. Mtu anapiga, mwakani anarudi na swali lilelile. Mi kazi yangu ni kusimamia finishingi hapa Dar na Pwani, na kwa ninachokiona saiti rangi yenyewe mara nyingi haina kosa lolote. Kosa liko chini yake na ukifukua utakuta maji. Fundi rangi ndo wa mwisho kutoka saiti kwa hiyo anabeba lawama za wote waliomtangulia, kuanzia aliyejenga msingi.

Tuanze na ukuta wa chini maana ndo kilio kikubwa. Unakuta nyumba kali, geti la umeme, kuanzia skatingi (ule mkanda wa chini ya ukuta) kwenda juu kama futi mbili tatu rangi imevimba, ukiigusa inadondoka na nyuma yake kuna unga mweupe. Ule unga ni chumvi kweli, sio msemo. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia tofali na lipu, yanabeba chumvi iliyoyeyuka, yakifika juu ya ukuta yanakauka yanaiacha chumvi inaganda pale nyuma ya rangi. Ikiganda inatanuka inaisukuma rangi nje, inasukuma skimu (ule unga laini wa kusawazishia ukuta juu ya lipu), na ukiendelea kupuuzia inasukuma mpaka lipu yenyewe inakuwa kama biskuti iliyolowa.

Chumvi inatoka ardhini, na nyingine tunainunua wenyewe. Mchanga wa karibu na bahari ambao haujaoshwa, halafu maji ya kisima. Wakazi wa Kigamboni na wale wa Mbezi Beach wanajua maji ya visima vingine ukipikia chai utaonja chumvi, haihitaji maelezo, sasa hayohayo ndo yanachanganya zege, yanachanganya lipu na yanamwagilia. Saruji haiui chumvi. Inaifungia humo ndani tu ikisubiri unyevu.

Sasa kuna ile karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu, inayotandazwa juu ya msingi kabla ya kozi ya kwanza ya tofali. Ni moja ya vitu vya bei ndogo kwenye nyumba nzima na ndo cha kwanza kurukwa, fundi anamwambia mwenye nyumba hapa kwetu ardhi kavu haina haja, au anaiweka vipande vipande haijapishana. Lakini nisikilizeni hapa, hata ikiwekwa vizuri finishingi inaweza kuiua. Inatakiwa iwe juu ya usawa wa ardhi ya nje kama sentimita 15 hivi. Anakuja mtu wa pevingi, anamwaga kifusi, anapandisha uwanja mpaka unaipita ile karatasi kwa sababu mwenye nyumba anataka gari iingie vizuri. Au fundi lipu anaishusha lipu ya nje mpaka inagusa udongo, basi maji yanapanda kwenye lipu yanairuka karatasi yanaingia ukutani. Nyumba ilikuwa salama miaka mitano, umepiga pevingi, mvua inayofuata ukuta unalia, na wa kwanza kutukanwa ni fundi rangi.

Na lingine ni skimingi. Zamani tulikuwa tunapiga rangi juu ya lipu, siku hizi kila mtu anataka ukuta uteleze kama kioo. Sina shida na hilo. Shida ni unachoskimia. Unga wa jipsamu ni mzuri sehemu kavu ya ndani, lakini ukipata unyevu unalainika, ndo maumbile yake. Mafundi wengi wanaupenda kwa sababu unapigika upesi na unasugulika bila jasho, kwa hiyo wanaupiga popote, bafuni, jikoni nyuma ya sinki, ukuta wa nje, ukuta uliokwisha kuonyesha chumvi. Sehemu zenye maji tumia puti ya saruji nyeupe, inachosha mkono kuisugua lakini inavumilia. Na ukiwa unanunua nyumba ujue skimu ndo mahali pa kufichia kila kitu, ufa, lipu iliyojaa mchanga, tofali dhaifu zilizopigwa mfuko mmoja wa saruji tofali arobaini na kitu, vyote vinapotea chini ya milimita mbili za unga mweupe.

Ndo maana nyumba nyingi za kuuza zinapakwa rangi kiangazi. Sisemi wote wana nia mbaya, rangi inapendezesha nyumba ni kweli, ila mi nikiona ukuta mmoja tu umepakwa upya na mitatu imeachwa, naanza na huo mmoja.

Leteni na zenu.

---

MkaziGoba

Mkuu umenishika pabaya. Mi nilinunua nyumba imeshaisha, miezi ya jua kali, dari jeupe pee la jipsamu lenye mataa ya kuzungukia, mke wangu alipoona ile sebule biashara ikaisha palepale. Vuli ilivyoanza likatokea doa la rangi ya chai kwenye kona, fundi akaja akapiga rangi likapotea, likarudi kubwa zaidi, sasa hivi kipande kimeshuka kabisa. Nyumba ni hizi za kuficha bati. Aliyeniuzia nikimpigia anasema mbona wakati tunakabidhiana palikuwa pakavu, na kweli palikuwa pakavu, maana mvua haikuwepo!

---

Rula_Mita

@MkaziGoba hizi za kuficha bati nitazisema mpaka watu wanichukie. Picha zinapendeza, lakini elewa kinachotokea huko juu. Bati la kawaida maji yanashuka yanadondoka nje ya ukuta, hata kama fundi kakosea kidogo maji yanaishia uani. Ukificha bati umezungushia ukuta juu, kwa hiyo maji yote ya paa yanaingia kwenye gata iliyo NDANI ya nyumba yako na njia yake ya kutoka ni bomba moja au mawili. Majani ya mwembe wa jirani yakiziba hapo, maji yanapanda yanapita chini ya bati yanakuja sebuleni. Halafu kwa kuwa bati halionekani, watu wanalilaza sana ili ukuta usiwe mrefu, na hapohapo wanabana hela wananunua geji 30 badala ya 28. Kwa wasiojua, namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba, sio nene.

Na kuna kitu watu hawakiangalii kabisa, kichwa cha ule ukuta wa juu. Unapigwa lipu tambarare, jua la mchana linaupika, mvua inaupoza, unapasuka nyufa za nywele, maji yanaingia kwa juu yanashuka ndani ya ukuta yanatokezea juu ya dirisha. Mtu anahangaika na silikoni ya dirisha mwaka mzima kumbe maji yanatoka mita mbili juu yake. Pale juu panatakiwa kofia, ya bati au ya zege yenye mteremko, iliyotokeza nje kidogo ili maji yadondoke yasitambae ukutani.

Wewe usipake tena. Toboa hilo dari pembeni ya doa, mtu apande na tochi siku mvua inanyesha, sio kesho yake. Maji hayadondoki pale yalipoingilia, yanatembea kwenye mbao yanatafuta pa kushukia. Halafu dai gata iwe na tundu la dharura, bomba la pembeni lililo chini kidogo ya ukingo wa ndani, ili ikiziba maji yatoke nje uyaone badala ya kuingia ndani.

---

Fundi Brashi

Angalau leo nimeona mtu katutetea 😂😂 mi ni fundi rangi, Tandika hapa. Wakuu mnatuonea. Mteja ananiita ukuta umepigwa lipu juzi, ukiweka kiganja unaona ubaridi, namwambia bosi hii subiri, lipu inatakiwa kama wiki nne ikauke na ule ukali wa saruji upungue ndo upige praima (ile rangi ya kwanza ya kushikisha), anasema haiwezekani jumamosi kuna sendofu ya mtoto wageni wanakuja. Nipige au nisipige? Nisipopiga anaitwa mwingine. Napiga, sendofu inapita picha zinatoka vizuri, miezi mitatu rangi ina mabaka kama ukoma halafu naambiwa mi ndo tapeli.

Na hii ya praima. Watu hawataki praima kabisa, wanaona ni hela ya kutupa kwa sababu haionekani. Wanataka koti mbili za rangi ya silki moja kwa moja juu ya skimu. Skimu ina vumbi la msasa, rangi inashika vumbi haishiki ukuta, siku ukibandika selotepu ya karatasi ukabandua inatoka na rangi yote.

Ila nikiri na sisi tupo wachafu. Kuna mafundi wananunua ndoo ya lita 20 ya kampuni kubwa, wanahamisha nusu, wanajazia maji na ile emalshani ya bei rahisi. Mteja anaona ndoo ina nembo anatulia. Kama unanunua mwenyewe nunua dukani, simama hapo ndoo ikifunguliwa, na angalia anaongeza maji kiasi gani, kwenye ndoo wameandika. Akishaanza kumimina na jagi bila kipimo jua unapaka maji.

---

Mwana_Maskati

Salaam kwenu. Niko Oman kikazi, najenga Kigamboni kwa simu, kila jioni natumiwa picha za wasapu. Ghorofa moja, vyoo viwili viko juu. Sasa hivi wamesema wapo hatua ya tailizi za bafuni wanataka hela. Kwenye picha kila kitu kinapendeza. Mnanishauri niangalie nini, maana huu uzi umeninyima usingizi.

---

Koki_Kubwa

@Mwana_Maskati usitume hela ya tailizi kwanza kaka. Mi fundi bomba. Bafu la juu likishawekwa tailizi kila kosa limezikwa, na litakalofufuka utaliona kwenye dari la sebule ya chini.

Mambo ya kudai. Mabomba ya PPR (yale ya plastiki ya kupitisha maji) yaliyofukiwa ukutani yapimwe presha kabla ya lipu, kuna pampu ya mkono ina saa yake, unajaza maji unapampu mpaka mara moja na nusu ya presha ya kazi, unaiacha, mshale ukishuka kuna mahali panavuja. Hii PPR inachomwa kwa moto inaungana inakuwa kitu kimoja, ikichomwa vizuri inakaa miaka, ila fundi akiwa na haraka hajaishikilia mpaka ipoe, au kaisukuma sana plastiki ikajikunja ndani ikaziba nusu ya tundu, hutajua mpaka ukishahamia. Mwambie anayekutumia picha akutumie VIDEO ya saa ya presha, mwanzo na mwisho, sio picha ya bomba limenyooka.

Pili sakafu. Tailizi hazizuii maji!! Hili watu wanalibishia mpaka leo. Maji yanapita kwenye grauti (ile saruji ya kujazia kati ya tailizi) kidogo kidogo kila siku ukioga. Kinachozuia ni ile dawa ya wotapruufu inayopakwa chini ya tailizi, koti mbili, ipande na ukutani angalau sentimita 15 kuzunguka, na sehemu ya kuogea ipande mpaka juu ya bomba la mvua. Ikikauka unaziba tundu la sakafu unajaza maji unayaacha masaa 24. Chini kukiwa kukavu ndo tailizi zinaendelea. Hiyo ni siku moja tu ya kazi kusimama na itakuokolea kubomoa bafu zima.

Mteremko pia, upo wakati wa screed (ile saruji ya kusawazisha sakafu chini ya tailizi) tu, ukishapita umepita. Nimeingia mabafu ya mamilioni maji yanakimbilia mlangoni. Na tundu la sakafuni liwe na ule mkunjo unaobaki na maji, bila huo harufu ya chemba inakuja mpaka kitandani, watu wanamwaga dawa za kunukia miaka na miaka kumbe ni bomba lililonyooka.

---

Mvita

Nasoma tu kutoka Mombasa, yaani ni kama mwaelezea nyumba ya kwetu. Tailizi za sebuleni kwetu zilinyanyuka zenyewe usiku, mlio kama bunduki, sote tukatoka nje. Asubuhi tukakuta mstari mzima umesimama kama hema. Fundi akasema ni joto. Ni kweli joto lapasua tailizi?

Halafu la pili, nyumba ya babu iko Mji wa Kale, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene sana. Imekaa miaka hiyo yote, juzi ndugu zangu wakaona imechakaa wakaipiga plasta ya simiti na rangi ya kung'aa. Tangu hapo ndani kwanuka unyevu na plasta yaanguka vipande vizima vizima. Walisema wanaiimarisha jamani.

---

Rula_Mita

@Mvita hilo la tailizi, joto ni mchochezi tu. Tailizi zinatanuka kidogo, sakafu ya zege mpya nayo inasinyaa ikikauka, zikikosa pa kwenda zinasukumana mpaka moja inanyanyuka. Angalia mambo haya. Je walizibananisha bila nafasi, kwa sababu mwenye nyumba hataki kuona mistari ya grauti? Na kule kwenye ukuta waliacha upenyo mdogo chini ya skatingi au walisukuma mpaka ikagusa? Sakafu pana haitakiwi ibanwe pande zote.

Halafu geuza moja uangalie mgongo wake. Kama mgongo ni msafi kabisa, hauna saruji iliyoshika, jibu umelipata. Zile za seramiki za zamani zilikuwa zinakunywa maji, unazilowesha, unapaka uji wa saruji zinashika. Hizi poselini za sasa zinakunywa chini ya nusu asilimia ya maji, kwa hiyo uji wa saruji hauna pa kung'ata, zinakaa juu kama sahani. Zinataka gundi yake, ipakwe na mwiko wa meno sakafu yote. Fundi anayeweka mabonge matano, kona nne na katikati, anakuachia uwazi chini, na kwenye huo uwazi ukiangusha mchi wa kinu tailizi inapasuka. Kuzijua rahisi, gonga na sarafu au mpini wa kisu, iliyoshika inalia nzito, isiyoshika inalia mvungu. Fanya kabla hujamlipa, chumba kizima, ni kama dakika kumi.

La nyumba ya babu linaniuma zaidi. Chokaa inapumua. Ukuta wa matumbawe una unyevu wa asili na chumvi nyingi, miaka yote hiyo unyevu ulikuwa unaingia na kutoka kupitia chokaa, na chokaa ikichakaa unapaka nyingine juu. Mmeuvika koti la saruji, umekosa pa kutokea, kwa hiyo unajikusanya nyuma ya plasta unaisukuma iondoke pamoja na vipande vya jiwe. Zanzibar kule Mji Mkongwe, ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, wataalamu wa ukarabati wamelipigia kelele hili, nyumba ya chokaa itengenezwe kwa chokaa. Ushauri wangu hiyo simiti ibanduliwe taratibu, ukuta uachwe ukauke, hata msimu mzima, halafu tafuteni mzee anayejua kuivundika chokaa. Hawajaisha, wapo.

---

Fezi Tatu

Mmeongea maji tu, mi niongeze moto. Finishingi mbaya ya umeme haitoi doa wala harufu mpaka siku yake.

Watu wananunua hita ya kuogea, ile ya papo kwa papo, kilowati 5.5. Gawanya kwa volti 230 unapata ampea 24 hivi. Fundi kaifungia waya wa milimita za mraba 2.5 uleule wa soketi, unapita kwenye bomba la ukutani pamoja na nyaya nyingine, haupoi. Inatakiwa laini yake peke yake, 4 au 6 kutegemea umbali, na breka yake. Ukiona swichi ya hita ina ukingo wa kahawia au ukioga taa zinafifia usiseme ni TANESCO, fungua.

Halafu fundi wa jipsamu. Huyu ni adui yangu. Anafunga dari zuri, mataa yamezunguka, ukipanda juu unakuta nyaya zimeungwa kwa kusokotwa na kufungwa nailoni, hakuna hata boksi, zimelala juu ya vumbi la mbao. Lile dari hujui lina nini mpaka upande. Nyumba yoyote ukipewa bila tundu la kupandia darini dai tundu kwanza. Na aliyefunga umeme awe na leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), sio jina la mtu mwingine lililogongwa kwenye fomu, maana tunajua fomu zinavyopatikana.

Kifaa kidogo kingine, ile breka inayokata umeme ukivuja wa miliampea 30. Ina kitufe cha kujaribia. Siku unakagua nyumba kibonye. Isipokata hapohapo, aidha mbovu au haijaunganishwa, na nimekutana na zilizowekwa kwenye boksi kwa urembo tu.

---

Mpangaji Sinza

Sisi wapangaji je? Chumba changu ukuta wa nyuma ya kabati una fangasi nyeusi, nguo zinanuka, mtoto ana kifua kila siku. Mwenye nyumba anasema ni mimi sifungui madirisha. Mi nasema ni ukuta wake. Nani mkweli?

---

Rula_Mita

@Mpangaji Sinza chukua kipande cha nailoni ngumu kama futi moja kwa moja, kausha sehemu ya ukuta, kibandike pande zote nne na selotepu pana hewa isipite, kiache siku mbili hivi. Matone yakiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, unyevu unatoka ukutani na mwenye nyumba ana kesi ya kujibu. Yakiwa upande wa nje, upande wa chumba, ni mvuke wenu wa kulala, kupika na kuanika nguo ndani, hapo ana hoja. Inawezekana pia vyote viwili. Kwa sasa sogeza kabati litoke ukutani hata sentimita kumi, hewa ipite. Na fangasi usiifute kavu kwa ufagio ukiwa na mtoto chumbani, unamrushia, ilowanishe kwanza ndo uifute, mtoto akiwa nje. Hicho kifua mpeleke hospitali pia usisubiri ukuta.

---

MkaziGoba

Mkuu nimerudi. Tumetoboa dari. Gata ya zege haikuwa na dawa yoyote ndani, lipu tu, imepasuka katikati kabisa, na tundu la kutolea maji liko juu kuliko sakafu ya gata kwa hiyo maji yanabaki humo muda wote kama bwawa. Sasa swali langu kwenu wote, mtu anajikingaje? Mwingine anayejenga, sio mimi niliyeshaumia.

---

Rula_Mita

Hiyo gata isafishwe, mteremko urekebishwe kuelekea tundu, ndo dawa ipakwe. Ukipaka dawa juu ya bwawa umepamba bwawa.

Kujikinga, kwenye kazi rasmi kuna kitu cha kushikilia asilimia 5 mpaka 10 ya malipo, inaachwa miezi sita mpaka 12 kasoro zijitokeze, mkandarasi akizirekebisha anamaliziwa. Mkandarasi aliyesajiliwa CRB (bodi ya usajili wa makandarasi) analijua hilo, liandike kwenye mkataba. Na mi ningeomba hiyo miezi ijumuishe masika nzima, Machi mpaka Mei, maana miezi sita ya jua haikuonyeshi kitu.

---

Fundi Brashi

Hapo kwa mafundi wa mtaani mkuu unaota. Mi hela ya wiki ndo chakula cha wiki, ukinishikia asilimia kumi mpaka mwakani nitakuwa nimehama namba ya simu. Na wateja nao wakishashikilia hawatoi, wanatafuta doa kwa tochi.

---

Rula_Mita

Kweli kabisa, na siwezi kukupinga. Ndo maana kwa fundi wa mtaani nalipa kwa hatua, sio kwa wiki. Lipu imeisha, nimegonga, nimepima na rula ndefu, nimeona imemwagiwa maji siku saba, nalipa yote siku hiyohiyo bila kuzungushana, halafu tunaenda skimu. Kila tabaka linakaguliwa kabla halijafunikwa na linalofuata. Fundi analala na hela yake, mi nalala najua chini kuna nini. Anayekagua asiwe fundi yuleyule anayedai hela, tafuta hata mtu wa kumlipa aje mara chache kwenye zile hatua za kufunika.

---

Mwana_Maskati

Nimemwambia ndugu yangu kule saiti ajaze maji bafuni masaa 24 anitumie video, na video ya saa ya presha. Kajibu "sawa kaka". Asubuhi hii kanitumia picha sita za tailizi za aina mbalimbali anauliza nachagua ipi.

---

Koki_Kubwa

Basi hajajaza. Hela ya tailizi usitume. Chagua rangi umwambie umeipenda ya tatu, na kwamba utalipia video ikifika, na kwenye hiyo video atembee kwa mfululizo kutoka bafuni, ashuke ngazi, amulike dari la chini bila kukata kamera.